Vipokezi vya seli na matibabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma na Bukavu

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wagonjwa, walezi wao na wanafunzi wa uuguzi hurudia kuuliza hapa Goma, na kule Bukavu kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Majibu ya mwanzo yanaeleza misingi, na yale ya baadaye yanaitegemea misingi hiyo. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa pale lilipo. Hakuna jibu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya daktari aliyempima mgonjwa.

## Misingi

Kipokezi cha seli ni kitu gani?

Kipokezi ni protini ambayo seli huijenga yenyewe ili iitambue molekuli fulani na kuiitikia. Molekuli hiyo inaweza kuwa homoni inayosafiri katika damu, kama adrenalini au insulini, au ujumbe wa kikemia unaotolewa na ncha ya neva. Ikikutana na kipokezi chake hushikamana nacho, kipokezi hubadilika umbo, na badiliko hilo huamsha mfululizo wa matukio ndani ya seli: moyo unapiga kwa kasi, misuli ya njia za hewa inalegea, ini linaachilia sukari.

Shuleni tulifundishwa mfano wa ufunguo na kufuli, na kwa somo la kwanza unatosha. Upungufu wake ni kwamba kufuli halibadiliki umbo na wala halipungui idadi likifunguliwa mara nyingi, ilhali vipokezi hufanya mambo yote mawili, na hapo ndipo matatizo mengi ya matibabu yanapoanzia.

Vipokezi viko sehemu gani ya seli?

Vingi vimepenya utando wa nje wa seli, sehemu moja ikitazama nje na nyingine ndani. Vile vya homoni zinazoyeyuka katika mafuta, kama estrojeni na kotisoli, viko ndani ya seli, kwa sababu homoni hizo hupita kwenye utando bila kizuizi. Vingine hukaa kwenye vifuko vidogo vilivyo ndani kabisa ya seli. Kimoja kati ya hivi vya mwisho kina umuhimu wa pekee kwetu, nacho kinaelezwa katika sehemu ya virusi.

Wataalamu walijuaje kwamba vipo, ikiwa havionekani?

Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge, aliyekuwa akichunguza jinsi nikotini na kurare zinavyoshindana juu ya misuli, alisema lazima kuwe na kitu katika misuli kinachozipokea sumu hizo. Paul Ehrlich nchini Ujerumani alifikia wazo linalofanana na hilo kwa njia yake. Kwa miongo kadhaa baadaye wanasayansi wengi walikuwa na shaka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekitenga kipokezi hata kimoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Robert Lefkowitz wa Marekani alianza kuunganisha homoni na iodini yenye mnururisho, akafuata mnururisho huo hadi mahali homoni iliposhikamana na seli. Mwaka 1986 yeye na Brian Kobilka walipata jeni la kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta, na mwaka 2011 kundi la Kobilka likapata picha ya kipokezi hicho kikiwa katika tendo lenyewe la kupitisha ujumbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012.

Je, kila dawa hufanya kazi kupitia kipokezi?

Hapana. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hulenga familia moja tu ya vipokezi, ile ya kipokezi cha adrenalini, na nyingine nyingi hulenga vipokezi vya familia tofauti. Lakini omeprazoli huzima pampu ya asidi tumboni, antibiotiki hushambulia mitambo ya bakteria, na atesuneti huamshwa na chuma kinachotoka kwenye damu iliyomeng'enywa na kimelea cha malaria, ikamwangamiza kimelea huyo humo humo.

Kinini, ambayo Bukavu inaifahamu kwa sababu magome ya mti wake yamekuwa yakisindikwa mjini humo kwa miaka mingi, nayo humshambulia kimelea. Uchungu wake ndio unaopitia vipokezi, vile vya ladha vilivyo ulimini. Mgonjwa anayesema dawa chungu ndiyo inayoponya anazungumzia vipokezi vya ulimi wake, ambavyo havina habari yoyote na malaria.

Kwa nini watu husema dawa fulani ni "kali" kuliko nyingine?

Neno hilo huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kiasi kinachohitajika: dawa inayoshikamana na kipokezi kwa nguvu hufanya kazi kwa miligramu chache. La pili ni kiwango cha juu kabisa cha matokeo ambacho dawa inaweza kuleta, hata ukiongeza dozi. Dawa ya miligramu 5 si dhaifu kuliko ya miligramu 500, na wanaochagua vidonge sokoni kwa kutazama ukubwa wa namba hujidanganya.

Zaidi ya hayo, dawa hugawanyika kulingana na kile inachofanya ikishafika. Nyingine hukiamsha kipokezi, kama homoni ya asili inavyofanya. Hizi tutaziita viamshi. Nyingine hukalia nafasi bila kukiamsha, zikazuia homoni isipate pa kushika. Hizi tutaziita vizuizi. Kwa hiyo dawa mbili zinazokwenda kwenye kipokezi kilekile zinaweza kuwa na matokeo yanayopingana kabisa.

## Dawa za kila siku

Nina pumu. Kwa nini daktari alinikataza dawa ya shinikizo la damu anayotumia ndugu yangu?

Huenda ndugu yako anatumia propranololi au dawa nyingine ya kundi lake. Adrenalini ina vipokezi vya aina kadhaa: aina ya beta 1 ni nyingi kwenye moyo, na aina ya beta 2 ni nyingi kwenye misuli ya njia za hewa. Salbutamoli, dawa ya kuvuta kwa mdomo, ni kiamshi cha beta 2, na ndiyo sababu kifua hufunguka ndani ya dakika chache. Propranololi ni kizuizi cha aina zote mbili. Hupunguza kasi ya moyo, na wakati huohuo huweza kufunga njia za hewa za mtu mwenye pumu na kuifanya salbutamoli ikose pa kushika.

Kuna dawa za kundi hilo zinazochagua zaidi beta 1, lakini uchaguzi huo hupungua dozi inapopanda, na uamuzi ni wa daktari. Wengi hawajui kwamba hata matone ya macho ya timololi, yanayotolewa kwa ugonjwa wa glakoma, huingia katika damu na kuweza kumletea mwenye pumu shambulio. Mwambie daktari wa macho kwamba una pumu, hata kama yeye hajauliza.

Salbutamoli yangu haisaidii kama zamani. Je, famasia imeniuzia ya bandia?

Inawezekana, lakini kuna sababu mbili nyingine za kuchunguza kwanza. Seli inayoamshwa mara kwa mara hujilinda: huvifunga vipokezi vyake kwa muda, kisha huviingiza ndani, na hali ikiendelea hupunguza idadi yake. Sababu ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo nzito zaidi, ni kwamba salbutamoli hulegeza misuli tu. Uvimbe wa ndani ya njia za hewa inauacha palepale. Hapa Goma, ambapo moshi wa makaa jikoni, vumbi la mawe ya volkano na gesi ya Nyiragongo yenye salfa hukutana katika kifua kimoja, uvimbe huo una sababu nyingi za kuendelea.

Dawa inayotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta. Hupita utando, hushikamana na kipokezi kilicho ndani ya seli, na kubadilisha jeni zipi zisomwe. Kwa hiyo matokeo yake huchukua siku au majuma. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anayemaliza chupa moja baada ya nyingine anahitaji kubadilishiwa matibabu, na kutafuta famasia nyingine hakutamsaidia.

Tramadoli inauzwa kama dawa ya maumivu tu. Kwa nini mnaiogopa?

Kwa sababu sehemu ya kazi yake hupitia kipokezi kilekile cha morfini. Kipokezi hicho hupunguza maumivu, na pia hupunguza msukumo wa kupumua. Mwili ukizoea, dozi ya jana haitoshi leo, na dawa ikikatishwa ghafla mtu hutetemeka, huharisha na kukosa usingizi. Tramadoli ina njia ya pili, inayozidisha ujumbe wa kikemia uitwao serotonini na noradrenalini katika ubongo, na dozi kubwa inaweza kuleta degedege.

Naloksoni ni kizuizi cha kipokezi cha morfini. Huing'oa morfini na kukalia nafasi yake, na mtu aliyekuwa ameacha kupumua anaweza kuzinduka kwa dakika chache. Lakini naloksoni huisha mapema kuliko baadhi ya dawa inazozizuia, kwa hiyo aliyezinduka asiruhusiwe kwenda nyumbani mara moja. Kwa aliyekunywa tramadoli kupita kiasi, naloksoni hairudishi ile sehemu ya degedege.

Hofu hii isimnyime morfini mgonjwa wa saratani au aliyefanyiwa upasuaji. Ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa, ni dawa njema, na katika mikoa yetu wanaokosa morfini wakiihitaji wanastahili kukumbukwa pia, si wale wanaoitumia vibaya peke yao.

Kwa nini sindano ya oksitosini hushindwa kuzuia damu kwa baadhi ya wazazi?

Swali hili huulizwa sana na wauguzi wa vituo vya afya vya mbali, na majibu yake ni zaidi ya moja. Vipokezi vya oksitosini kwenye mji wa mimba ni vichache mwanzoni mwa ujauzito na huongezeka sana kuelekea mwisho, kwa hiyo dawa ileile isiyofanya mengi katika mwezi wa nne huwa na nguvu wakati wa kujifungua. Mama ambaye uchungu wake umeongezwa kwa oksitosini kwa saa nyingi anaweza kuwa na vipokezi vilivyokwisha kuchoka, kwa njia iliyoelezwa katika jibu la salbutamoli. Baada ya kujifungua, mji wa mimba huiitikia dozi mpya kwa uvivu. Hapo muuguzi asisubiri, ageukie dawa inayopitia kipokezi kingine, kama misoprostoli, ambayo hutumia vipokezi vya prostaglandini.

Sababu nyingine haihusu kipokezi hata kidogo. Oksitosini huharibiwa na joto na inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chupa iliyosafiri siku nzima juu ya pikipiki, kisha ikawekwa katika friji isiyo na umeme, inaweza kuwa karibu maji matupu ingawa lebo yake ni halali. Kwa ajili ya mazingira kama haya Shirika la Afya Duniani liliongeza mwaka 2018, katika mapendekezo yake ya kuzuia kutoka damu, kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo hushikamana na kipokezi hichohicho.

Ugonjwa wa sukari ni ukosefu wa insulini au ni ubovu wa kipokezi?

Katika aina ya 1 kongosho haitoi insulini, na vipokezi viko tayari bila kupata cha kupokea. Mgonjwa huyo hawezi kuishi bila sindano, na majani au maombi yanayomfanya aziache humuua. Katika aina ya 2 insulini mara nyingi ipo, lakini ujumbe wake haufiki mbali ndani ya seli, hata pale kipokezi chenyewe kinaposhika vizuri. Kupunguza uzito na kutembea, pamoja na dawa ya metformini, husaidia ujumbe huo au hupunguza sukari inayotoka kwenye ini.

## Virusi na milango yake

Kirusi cha Ebola kinaingiaje katika seli?

Juu ya kirusi kuna glikoprotini, yaani protini iliyobeba sukari, iliyojitokeza kama miiba. Kirusi hushikwa kwanza na molekuli mbalimbali za utando wa nje, ambazo si mahususi sana, kisha seli hukimeza kikiwa ndani ya kifuko. Humo vimeng'enya vya seli, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia, hukata sehemu ya juu ya glikoprotini, na kipande kilichokuwa kimefichwa hubaki wazi. Kipande hicho hushikamana na NPC1, protini ambayo kazi yake ya kawaida ni kusafirisha kolesteroli, na hapo ndipo kirusi hupata njia ya kumwaga maagizo yake ndani ya seli. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba bila NPC1 kirusi hicho hakiingii.

Hii inaeleza kwa nini kukizuia ni kazi ngumu. Mlango wenyewe uko ndani ya nyumba, na kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, inayotaka kuulinda lazima ipande juu ya kirusi kikiwa bado nje, imezwe pamoja nacho, na isiachie hata katika mazingira ya asidi ya kile kifuko.

Ni kweli kwamba dawa ya Ebola ilitokana na damu ya Mkongomani?

Ni kweli kwa dawa moja kati ya mbili. Wakati wa mlipuko wa Kikwit mwaka 1995, wagonjwa 8 waliwekewa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wa nje walisema, kwa haki, kwamba wagonjwa 8 hawathibitishi kitu. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, ambaye alikuwa Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ulipotambuliwa mara ya kwanza, hakuliacha wazo hilo. Takriban miaka 11 baada ya Kikwit, damu ya walionusurika ilichunguzwa kwa ushirikiano na watafiti wa Marekani, na katika seli za mmoja wao ikapatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

mAb114 hushikamana na glikoprotini hasa pale inapogusana na NPC1, na haibanduki katika asidi. Leo inaitwa Ebanga. Dawa ya pili, REGN-EB3 au Inmazeb, ni mchanganyiko wa kingamwili 3 zilizotokana na panya waliowekewa jeni za kingamwili za binadamu.

Kingamwili hizo hutibu hata mgonjwa aliyezidiwa?

Humsaidia kidogo kuliko aliyefika mapema, na takwimu za hapa kwetu zinaonyesha hivyo waziwazi. Jaribio la PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, lilianza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na liliandikisha wagonjwa 681 wa kila umri, wakiwemo wajawazito. Mwezi Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilishauri matibabu mawili kati ya manne, ZMapp na remdesiviri, yasitishwe kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana. Katika siku 28, walikufa asilimia 35.1 ya waliopewa mAb114 na asilimia 33.5 ya waliopewa REGN-EB3, wakilinganishwa na asilimia 49.7 ya waliopewa ZMapp na asilimia 53.1 ya waliopewa remdesiviri.

Kwa wale walioingia wakiwa na virusi vichache katika damu, vifo vilikuwa asilimia 9.9 kwa mAb114 na asilimia 11.2 kwa REGN-EB3. Kwa waliokuwa na virusi vingi, vilikuwa asilimia 69.9 na asilimia 63.6. Kingamwili huzuia kirusi kuingia katika seli mpya. Haiwezi kulirekebisha ini au figo zilizokwisha kuharibika. Anayemficha mgonjwa nyumbani siku nne kwa kuogopa kituo cha matibabu anaweza kumhamisha kutoka kundi la kwanza hadi la pili.

Je, UKIMWI nao una kipokezi chake, na mbona dawa zetu hazikitaji?

VVU hushika kipokezi cha CD4, kisha mara nyingi kipokezi cha pili kiitwacho CCR5, kilichotambuliwa mwaka 1996. Watu wachache, hasa wa asili ya Ulaya ya kaskazini, huzaliwa bila CCR5 inayofanya kazi na hawaambukizwi kwa urahisi. Dawa ya maraviroki, iliyoidhinishwa mwaka 2007, huziba CCR5, lakini huhitaji kipimo cha gharama kabla ya kuianza, kwa kuwa baadhi ya virusi hutumia mlango mwingine. Tembe moja ya kila siku yenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hulenga vimeng'enya vya kirusi, nayo ndiyo inayofaa kwa walio wengi.

Kwa nini tunaambiwa malaria ya vivaksi ni nadra kwetu?

Vivaksi ni aina mojawapo ya kimelea cha malaria. Kimelea huyo huingia katika chembe nyekundu hasa kupitia kipokezi kiitwacho Duffy, na Waafrika wengi wa magharibi na katikati ya bara hawana Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Kinga hiyo si kamili: wagonjwa wasio na Duffy wameonekana wakiwa na vivaksi, ikiwemo nchini Madagaska. Kimelea wa falsiparumu, anayewaua watoto wetu, hutumia vipokezi tofauti, kikiwemo basijini kilichotambuliwa mwaka 2011, na vipokezi hivyo tunavyo sote.

## Majaribio ya kitabibu

Kushiriki jaribio ni kufanywa panya wa maabara?

Hofu hii haikutoka hewani. Bara hili limeona utafiti usioheshimu watu, na anayeuliza ajibiwe bila kubezwa. Jaribio halali hupitiwa na kamati ya maadili ya nchini, hueleza hatari kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na humruhusu kujiondoa saa yoyote bila kunyimwa huduma. Ikiwa karatasi ya ridhaa iko katika Kifaransa peke yake na mgonjwa anazungumza Kiswahili, Mashi au Kinande, ana haki ya kusomewa na kueleweshwa kabla ya kuweka kidole. Ridhaa iliyopatikana kwa kumharakisha mama mwenye mtoto anayetokwa jasho la homa ni saini tu, na sidhani inastahili kuitwa ridhaa.

Kwa nini wengine hupewa dawa isiyo na kitu?

Wakati mwingine hawapewi: katika PALM kila mgonjwa alipata dawa mojawapo kati ya 4, kwa sababu ugonjwa ulikuwa unaua mno. Dawa isiyo na kitu hutumika pale ambapo hakuna tiba iliyothibitika. Ndivyo ilivyokuwa katika jaribio la tekovirimati kwa mpoksi, lililofanyika Kongo katika Maniema na Sankuru kwa washiriki 597. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba dawa hiyo, inayolenga protini ya kirusi, haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini vifo katika makundi yote mawili vilikuwa asilimia 1.7, chini ya asilimia 3.6 au zaidi zinazoonekana kwa kawaida nchini, kwa kuwa wote walilazwa na kuhudumiwa vizuri. Bila kundi la kulinganisha, dawa ingepewa sifa ya kazi iliyofanywa na wauguzi.

## Saratani ya matiti

Kwa nini daktari anataka kipande cha uvimbe kipelekwe kupimwa vipokezi? Si tunajua tayari ni saratani?

Jina la saratani halitoshi kuchagua dawa. Ikiwa seli za uvimbe zina vipokezi vya estrojeni, homoni hiyo huzikuza, na tamoksifeni, inayokalia nafasi yake, hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi. Ni kidonge cha bei nafuu, hunywewa kwa miaka 5 au zaidi. Ikiwa zina kipokezi cha HER2 kwa wingi kupita kawaida, trastuzumabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukishika. Bei yake ndiyo kikwazo. Zisipokuwa na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni (homoni nyingine ya kike) wala HER2, dawa hizo hazina pa kushika, na matibabu huegemea kemotherapia. Aina hii ya mwisho huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, wakilinganishwa na wenye asili ya Ulaya.

Kuanza tamoksifeni kwa kubahatisha ni bora kuliko kutofanya lolote pale kipimo kisipopatikana kabisa, na madaktari hulazimika kufanya hivyo. Lakini kama familia imekwisha kukusanya fedha za safari, kipimo kitangulie. Kipande kiwekwe mara moja katika fomalini iliyochanganywa sawasawa. Kikicheleweshwa kwa saa nyingi, vipokezi huharibika na jibu huweza kutoka "hasi" bila kuwa hivyo.

## Hali za pembeni

Dawa ilimponya jirani yangu, mimi ikanidhuru. Vipokezi vyangu ni tofauti?

Pengine, lakini mara nyingi tofauti iko kwenye ini na figo, zinazoamua dawa kiasi gani inabaki katika damu. Kodeini ni mfano: ini huigeuza kuwa morfini, na watu wengine huigeuza kwa kasi kubwa mno. Mtoto mdogo au mama anayenyonyesha asipewe kodeini kwa kufuata uzoefu wa jirani.

Mkulima amelewa dawa ya wadudu shambani. Atropini inamsaidiaje?

Dawa nyingi za wadudu huzuia kimeng'enya kinachoondoa asetilikolini, ujumbe wa kikemia wa neva, kwa hiyo ujumbe huo hurundikana na vipokezi haviachwi vipumzike: mate, jasho, kuharisha, mapafu kujaa majimaji. Atropini huziba kundi moja la vipokezi hivyo, na hutolewa kwa kurudia hadi mapafu yakauke. Haizibi vile vya misuli, ndiyo maana mgonjwa anaweza bado kushindwa kupumua na kuhitaji kusaidiwa. Avuliwe nguo na aoshwe kwanza, na anayemwosha avae glavu.

Aliyepona Ebola kwa kingamwili anaweza kuugua tena?

Ni nadra, lakini imetokea hapa nchini. Kingamwili hazifiki kwa wingi katika jicho, ubongo na korodani, na kirusi huweza kujificha huko. Mwaka 2019 mgonjwa aliyekuwa amechanjwa, kisha akatibiwa kwa mAb114 na kupona, alirudiwa na ugonjwa miezi takriban sita baadaye, na wengine wakaambukizwa kutoka kwake. Kwa hiyo ufuatiliaji wa waliopona, pamoja na kupima shahawa, ni sehemu ya matibabu, na usigeuzwe kuwa sababu ya kuwatenga.

Ebanga na Inmazeb zitafanya kazi kwa kila aina ya Ebola?

Hapana. Zimethibitishwa kwa aina ya Zaire peke yake, ile iliyoshambulia Kikwit mwaka 1995 na Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia 2018 hadi 2020. Aina ya Bundibugyo, iliyoonekana Isiro mwaka 2012, na aina ya Sudan hutumia NPC1 vilevile, lakini glikoprotini zao zina tofauti za kutosha kuzifanya kingamwili hizi zisitegemewe. Ndiyo sababu maabara husubiriwa itaje aina ya kirusi kabla dawa haijachaguliwa.

Nimepewa kingamwili. Je, nichanjwe pia?

Si kwa wakati mmoja. Chanjo ya Ervebo ni kirusi hai, kisicho cha Ebola, kilichovishwa glikoprotini ya Ebola. Kingamwili zilizo katika damu zitakitambua kirusi hicho cha chanjo na kukizima kabla hakijaufundisha mwili wako kujikinga. Mwonyeshe mchanjaji karatasi uliyopewa ulipotoka kwenye kituo cha matibabu, yenye tarehe ya dawa, ili aamue chanjo iahirishwe hadi lini.